Brexit inasingiziwa kwenye hesabu za kampuni

Tangu mwaka huu wa 2026 uanze, wenye kampuni ndogo na za kati kule Uingereza, wakiwemo ndugu zetu wengi wenye malori, vituo vya kulelea wazee na maduka, wanaambiwa na wahasibu wao jambo ambalo hawakulizoea. Mkataba wa kupanga ofisi, godauni au magari sasa unaingia kwenye mizania, upande mmoja kama mali na upande wa pili kama deni, kwa kila mwaka wa hesabu unaoanza tarehe 1 Januari 2026 au baada ya hapo, isipokuwa mikataba ya muda mfupi na vitu vya thamani ndogo. Mtu anaona deni la kampuni yake limepanda wakati hajakopa hata senti, anajiuliza benki itasema nini, na maelezo anayopewa mtaani ni mafupi tu, kwamba hiyo ni Brexit, wametoka Ulaya sasa wanajitungia vyao. Ndugu yangu mmoja mwenye kampuni ya usafirishaji kaniuliza hilohilo na nimeona wengi wanaliamini, hata watu wenye elimu nzuri ya biashara. Sio kweli, na naona ni muhimu tulijue kwa nini sio kweli kwa sababu na sisi huku tuna jumuiya zetu, na kila baada ya miaka michache anatokea kiongozi wa kusema tutoke.

Kiwango kinachozungumziwa kinaitwa FRS 102, na kinatolewa na baraza la Uingereza linalosimamia taarifa za fedha, FRC. Lakini kiwango hikihiki ndo kinachotumika pia Jamhuri ya Ireland, nchi ambayo haijatoka Umoja wa Ulaya wala haina mpango huo, na kampuni za Dublin zimeanza kanuni hiyo ya mikataba ya kupanga siku ileile na kampuni za Manchester. Ingekuwa ni Brexit, Dublin ingehusikaje? Na wazo lenyewe la kuweka mkataba wa kupanga kwenye mizania limetoka IFRS 16, kiwango cha kimataifa cha hesabu kilichotolewa Januari 2016, miezi kadhaa kabla Waingereza hawajapiga kura ile ya tarehe 23 Juni. Mabadiliko mengine yaliyokuja pamoja nayo, ya namna ya kuhesabu mapato kwa hatua tano, yametoka IFRS 15 ya Mei 2014, wakati huo kura yenyewe ilikuwa bado ni maneno ya wanasiasa.

Msimamo wangu ni huu. Nchi ikitoka kwenye jumuiya ya biashara, kanuni za kupima faida, mali na madeni ya kampuni zinabaki karibu vilevile, maana nyingi hazikuzaliwa ndani ya jumuiya. Kinachokatika ni ule utambuzi, yaani misamaha na ruhusa ambazo kampuni ilikuwa inazipata kwa sababu tu kampuni mama, au mkaguzi wake, yuko nchi mwanachama. Gharama iko huko, na ndiko watu hawaangalii.

Turudi nyuma kidogo. Viwango vya kimataifa vya IFRS vinatungwa na bodi ya IASB, na bodi hii ofisi zake ziko London, ilianza 2001 ikirithi kazi ya kamati iliyoanzishwa hukohuko London mwaka 1973. Brussels, makao ya Umoja wa Ulaya, haijawahi kuvitunga. Umoja wa Ulaya ulichofanya ni kupitisha kanuni namba 1606 ya mwaka 2002, ikasema kampuni zote zenye hisa kwenye masoko yake zitumie viwango hivyo kwenye hesabu za kundi zima, yaani kampuni mama na tanzu zake kwa pamoja, kuanzia 2005. Ila Ulaya haikukubali kumeza kila kitu kinachotoka IASB bila kukitazama, ikaweka mlango wa ukaguzi, chombo kinachoitwa EFRAG kinatoa ushauri, nchi wanachama zinapiga kura kwenye kamati, ndo kiwango kinakuwa sheria. Na mara chache mlango huo umefungwa nusu, kwa mfano 2004 walipokata vipande vya IAS 39, kiwango cha kupima mikopo na vyombo vingine vya fedha, kwa sababu mabenki ya bara la Ulaya yalipiga kelele. Kwa kampuni ambazo hazipo sokoni kuna maagizo ya Ulaya ya hesabu, la sasa ni la mwaka 2013, linalopanga nani ni kampuni ndogo, nani wa kati, nani anakaguliwa na nani anasamehewa, na Uingereza ilikuwa inayaingiza kwenye Sheria ya Kampuni ya 2006.

Sasa usiku wa tarehe 31 Desemba 2020, kipindi cha mpito cha Brexit kilipoisha, Uingereza ilifanya nini? Iliganda. Kanuni zilizokuwa zimeandaliwa tangu 2019 zilisema viwango vyote vilivyokuwa vimepitishwa na Ulaya hadi saa hiyo vinakuwa viwango vya Uingereza kama vilivyo, na kuanzia hapo vipya vitapitishwa na waziri. Mei 2021 waziri akakabidhi kazi hiyo kwa bodi mpya, UKEB, ambayo inatakiwa ijiridhishe kwamba kiwango kinaonyesha hali halisi na kina faida kwa Uingereza kwa muda mrefu. Yaani wamejenga mlango wao wa ukaguzi pembeni ya ule wa Ulaya, na kinachopita kwenye milango yote miwili ni mzigo uleule kutoka IASB.

Chukua kampuni tunayoijua, Airtel Africa. Mteja wa Morogoro, Kisumu, Gulu au Goma anaijua kwa vocha, lakini kampuni mama imeandikishwa Uingereza na iko soko la hisa la London tangu 2019, na mwaka wake wa hesabu unaisha Machi. Kisheria mwaka ulioanza Aprili 2020 ulikuwa bado chini ya viwango vilivyopitishwa na Ulaya, na mwaka ulioanza Aprili 2021 ukawa chini ya viwango vilivyopitishwa na Uingereza. Kwenye kurasa za ripoti hilo ni badiliko la sentensi kwenye sehemu inayoeleza msingi wa kuandaa hesabu, namna ya kupima minara, leseni na madeni ya dola haikuguswa na mabadiliko hayo ya mlango. Na kampuni tanzu za Dar, Nairobi na Kampala ziliendelea na IFRS za kwao zilizosimamiwa na bodi za wahasibu za nchi zao, ambazo hazikuwahi kuomba ruhusa Brussels.

Hapo ndo watu wa upande mmoja wanasema, basi unaona, kutoka hakuna madhara yoyote. Subiri kwanza.

Sheria ya Kampuni ya Uingereza ina kifungu cha 479A. Kifungu hiki kinairuhusu kampuni tanzu isikaguliwe hesabu zake kama kampuni mama imekubali kudhamini madeni yote ya tanzu yaliyopo mwisho wa mwaka, wanahisa wote wameridhia, na tanzu imejumuishwa kwenye hesabu za kundi zilizokaguliwa. Kabla ya Brexit mama huyo angeweza kuwa popote kwenye eneo la kiuchumi la Ulaya, Ujerumani, Uholanzi, Norway, popote. Kwa miaka ya hesabu iliyoanza 1 Januari 2021 kuendelea, mama lazima awe ameandikishwa chini ya sheria ya Uingereza. Kwa hiyo chukua kampuni ya Kijerumani yenye godauni Birmingham, wafanyakazi ishirini, ilikuwa inatoa dhamana na kuokoa gharama za mkaguzi kila mwaka, ghafla haiwezi tena. Na wala haiwezi kujificha kwenye msamaha wa kampuni ndogo, maana tanzu ndogo iliyo ndani ya kundi kubwa haihesabiwi ndogo kwenye suala la ukaguzi, kundi zima linatazamwa. Hakuna kiwango hata kimoja cha uhasibu kilichobadilika pale Birmingham, mizania ni ileile, lakini mkaguzi anapaswa aingie, alipwe, aombe nyaraka, na mkurugenzi atenge wiki kadhaa za kazi ambayo mwaka uliotangulia haikuwepo. Msamaha kama huohuo kwa kampuni tanzu zilizolala, zisizofanya biashara, nao ulikatwa kwa mama wa Ulaya.

Na upande wa pili wa bahari imekuwa hivyohivyo. Ireland ina kifungu cha 357 cha sheria yake ya kampuni ya 2014, kinachoiruhusu tanzu ya Ireland isiweke hesabu zake hadharani kama mama yake aliye kwenye eneo la kiuchumi la Ulaya amedhamini madeni yake. Kampuni nyingi za Uingereza zina tanzu Dublin na ulikuwa ni utaratibu wa kawaida kabisa. Uingereza ilipotoka eneo hilo, mama wa London akapoteza sifa, na tanzu zikabaki na uchaguzi mgumu, ama uandikishe kampuni mama ya katikati ndani ya Ulaya, ama hesabu zako zisomwe na kila mshindani anayetaka kuzisoma. Kwa kampuni ya familia hilo sio jambo dogo, faida yako, mkopo wako, vyote viko wazi kwa anayelipa ada ndogo ya kuvipakua.

Wakaguzi nao. Kampuni ya Uingereza yenye hati fungani kwenye soko linalosimamiwa na sheria za Ulaya, iwe Dublin au Luxembourg, mkaguzi wake wa Uingereza alikuwa anatambuliwa moja kwa moja. Sasa ni mkaguzi wa nchi ya tatu, anatakiwa ajisajili kwa msimamizi wa nchi yenye soko hilo. Sio kila kitu kilivunjika, nikiri hapo. Msamaha wa kutoandaa hesabu za kundi kwa kampuni mama ya katikati iliyo chini ya mama wa Ulaya ulihamia kifungu kingine, cha 401, kinachohusu kampuni mama za nje ya Uingereza ambazo hesabu zao zinalingana na zinazotakiwa, na serikali ya London mwishoni mwa 2020 ilizitambua hesabu za Ulaya kwa ajili ya masoko yake. Lakini ona namna ilivyobidi kila uzi ushonwe upya, mmoja mmoja, na uliosahaulika au usiokubaliwa na upande wa pili ukabaki umekatika.

Wanaounga mkono kutoka wana hoja, na siwezi kuzipuuza. Hoja yao yenye nguvu ni vizingiti. Kuanzia 6 Aprili 2025 Uingereza ilipandisha vipimo vya ukubwa wa kampuni kwa karibu nusu, kampuni ndogo ikawa ile isiyozidi mauzo ya pauni milioni 15 badala ya 10.2 na mizania ya pauni milioni 7.5 badala ya 5.1, kampuni ndogo kabisa ikawa hadi mauzo ya pauni milioni 1 badala ya 632,000, na inatosha ukitimiza vipimo viwili kati ya vitatu, cha tatu kikiwa idadi ya wafanyakazi. Kwa makadirio ya serikali yenyewe zaidi ya kampuni laki moja zilishuka daraja na kupunguziwa makaratasi. Wakiwa ndani ya Ulaya wangefungwa na dari la agizo la 2013, hilo ni kweli. Na ni uhuru wenye faida ya kushikika, maana kampuni iliyoshuka hadi daraja la chini kabisa inaweza kutumia FRS 105, kiwango chepesi cha kampuni ndogo kabisa, na huko mikataba ya kupanga haiingii kwenye mizania. Mwenye kampuni ambaye hajamuuliza mhasibu wake swali hilo amuulize. Ila Ulaya nayo ilipandisha vizingiti vyake, kwa karibu robo, kwa miaka inayoanza 1 Januari 2024, kabla ya Uingereza, na nchi wanachama zinaruhusiwa kufika hadi mauzo ya yuro milioni 15 kwa kampuni ndogo. Pauni ina thamani kuliko yuro kwa hiyo Uingereza imeenda mbele zaidi, lakini tofauti ni hatua chache kwenye njia ileile, na sababu ya pande zote mbili ni moja, mfumuko wa bei ulikuwa umevila vipimo vya zamani.

Hoja ya pili ni ripoti za mazingira na jamii. Agizo la Ulaya la CSRD la 2022 lingezibana kampuni nyingi za Uingereza na zimeliepuka. Sawa, ila sio zote, kwa sababu agizo lenyewe lilinyoosha mkono nje ya mipaka na kuzigusa hata kampuni mama za nje zenye mauzo makubwa ndani ya Ulaya, kizingiti cha mwanzo kikiwa yuro milioni 150. Februari 2025 Tume ya Ulaya yenyewe ikapendekeza kulipunguza makali agizo hilo, na mwezi Aprili tarehe za kuanza zikasogezwa mbele. Kwenye mabishano hayo Waingereza hawakuwa na kura, na kampuni zao zinazouza Paris na Milan zilikuwa zinasubiri matokeo kama kampuni ya Marekani inavyosubiri. Hapa mizani naiona iko katikati, umepata nafasi ya kupumua na umepoteza kiti.

Hoja dhaifu kuliko zote, ambayo ndo inayosikika zaidi, ni kwamba nchi ikitoka inapata viwango vyake vya uhasibu. Jaribio lake la kwanza kubwa lilikuwa IFRS 17, kiwango cha mikataba ya bima kilichoanza 1 Januari 2023. Kinataka kampuni ya bima igawe mikataba yake kwa makundi ya mwaka mmojammoja ili hasara ya mwaka huu isifunikwe na faida ya mwaka ule. Kampuni za bima za maisha za bara la Ulaya zililalamika sana. Umoja wa Ulaya ulipokipitisha Novemba 2021 ukaruhusu baadhi ya mikataba iachwe nje ya sharti hilo, na UKEB ilipokipitisha Mei 2022 haikuweka ruhusa hiyo, ilikichukua kiwango kizima kama IASB ilivyokiandika. Yaani aliyetoka akidai uhuru ndiye aliyefuata neno kwa neno, na aliyebaki kwenye jumuiya ndiye aliyechepuka. Na UKEB walikuwa na sababu nzuri. Kampuni ya London inatafuta pesa za wawekezaji wa New York, Tokyo na Frankfurt, na wote hao wanataka kuona tamko kwamba hesabu zinafuata IFRS kama zilivyotolewa na IASB. Hata Ulaya yenyewe, chini ya uamuzi wake wa 2008, inazikubali hesabu za kampuni ya nje zikiwa na tamko hilo bila masharti. Ukichepuka unapoteza tamko, ukipoteza tamko unaandaa hesabu mara mbili. Uhuru upo kwenye karatasi ila kuutumia kuna bei, na atakayeilipa ni kampuni zilezile zilizoahidiwa unafuu.

Kuna na waliotisha watu upande mwingine, kwamba hesabu za Uingereza zitakuwa hazilingani na za dunia na wawekezaji watakimbia. Nayo haikutokea, kwa sababu hizohizo.

Hili sio la Ulaya peke yake. Tarehe 29 Januari 2025 Mali, Burkina Faso na Niger zilitoka rasmi ECOWAS, jumuiya ya uchumi ya Afrika Magharibi, na wapo walioandika kana kwamba sheria zote za biashara za nchi hizo zimekufa siku hiyo. Lakini hesabu za kampuni za Bamako na Niamey zinafuata mfumo wa SYSCOHADA, ambao ni wa OHADA, chombo kingine kabisa cha kuoanisha sheria za biashara, chenye nchi 17, kilichoanzishwa kwa mkataba wa 1993, na nchi hizo tatu hazikutoka huko wala kwenye umoja wa faranga wa UEMOA. Mhasibu wa Ouagadougou alifunga vitabu vyake Desemba 2025 kwa jedwali lilelile la akaunti alilotumia 2024. Wangetoka OHADA hapo ingekuwa habari nyingine, kwa sababu OHADA, tofauti na Ulaya, inatunga kanuni zenyewe za uhasibu na zinakuwa sheria ya nchi moja kwa moja. Ndo maana kabla ya kutabiri madhara ya kutoka, lazima kwanza ujue jumuiya hiyo inatunga kanuni, au inapitisha za mwingine, au haijihusishi nazo kabisa.

Kongo ni mfano wa kuingia badala ya kutoka. Imejiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini iko OHADA tangu 2012, kwa hiyo mfanyabiashara wa Nairobi akifungua kampuni ya vifaa vya ujenzi Lubumbashi, vitabu vya kule ni SYSCOHADA, na akitaka hesabu za kundi lake Nairobi inabidi azigeuze kuwa IFRS. Uanachama wa pamoja haujamwondolea kazi hiyo. Na Tanzania ilipotoka COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, mwaka 2000 hakuna mhasibu aliyebadilisha chochote kwenye mizania, COMESA haikuwa na la kusema kwenye hesabu za kampuni, na IFRS zenyewe zilianza kutumika nchini Julai 2004 kwa uamuzi wa bodi ya wahasibu ya Tanzania, NBAA. Kenya ilikuwa imeshatangulia 1999 kupitia chama chake cha wahasibu, ICPAK.

Kwa hiyo siku akitokea mtu wa kusema nchi yake itoke EAC, mjadala wa viwango vya hesabu hauna haja ya kuchukua hata nusu saa, IFRS za Dar, Nairobi, Kampala na Kigali hazikushushwa na Arusha na hazitaondoka nayo. Kinachotakiwa kuwekwa mezani ni orodha ya kila mahali ambapo mtu au kampuni inatambuliwa kwa sababu ya uanachama. Ya kwanza kwenye orodha hiyo kwa wahasibu ni makubaliano ya 2011 ya bodi za wahasibu za Afrika Mashariki kutambuana, yanayomwezesha mwenye CPA ya Tanzania kutambuliwa Kampala bila kuanza upya. Baada ya hapo zinafuata haki za soko la pamoja, za kufungua kampuni, kuhamisha mtaji na kutoa huduma upande wa pili wa mpaka, ambazo makundi yenye tanzu nchi mbili tatu yamejipangia biashara juu yake. Orodha kama hiyo inatakiwa iandaliwe na wahasibu na wanasheria wa kila nchi, kifungu kwa kifungu, na ifike bungeni kabla ya kura, sio baada.